Sisi Tuliovunjiwa, Tusiwafukuze Watoto Wetu

Ndugu zangu wa Mukuru, na nyinyi wa Mathare, Kayole, Dandora na Korogocho, wa Changamwe na Bangladesh kule Mombasa, wa Nyalenda na Obunga kule Kisumu, na popote pengine ambapo kodi hulipwa kwa mwezi na unga hununuliwa kwa siku: naomba mnisikilize hadi mwisho, hata kama katikati mtatamani kuufunga ukurasa huu.

Mnakumbuka mwisho wa mwaka 2021, matingatinga yalipoingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Maelfu ya watu walilala juu ya vifusi vya nyumba zao, wengine chini ya maturubai, wengine bila chochote, huku mvua ikinyesha. Akina mama walipika kwenye mafiga ya mawe waliyoyaokota palepale. Nilikwenda kuwabebea jamaa zangu vitu, na nilichokiona sijakisahau: mwenye turubai pana aliwaita wasio nalo, na hakuna aliyeulizwa kabila lake, dini yake wala deni lake la kodi. Mtu aliyetupwa nje alikuwa mtu wa kufunikwa, basi.

Ombi langu linaanzia hapo. Sisi ni watu tunaojua kufukuzwa ni nini. Tumevunjiwa nyumba, tumefungiwa milango kwa kufuli la keateka, watoto wetu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, tumesimama kwenye lango la kiwanda tangu alfajiri tukaambiwa leo hakuna kazi. Nawasihi tusimfukuze mtoto wetu kwa sababu ya yule anayempenda. Nazungumzia mvulana anayempenda mvulana mwenzake, na msichana anayempenda msichana mwenzake. Nilikuwa mtoto huyo. Nililelewa Viwandani, katika chumba kimoja cha mabati cha futi kumi kwa kumi, na mama aliyekata nyuzi katika kiwanda cha nguo na baba aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Leo ni mtu mzima, nina kazi, najilipia kodi, na mama hunipigia simu kuniuliza kama nimekula. Niko hai kwa sababu hakunifukuza. Wenzangu kadhaa walifukuzwa, na si wote ambao bado naweza kuwapigia simu.

Najua neno la kwanza litakalosemwa: haya ni mambo ya matajiri, ya watu wa Westlands na Kilimani, yameletwa na Wazungu. Naelewa neno hilo linatoka wapi, kwa sababu wanaosikika ni wale wenye majina. Mwandishi Binyavanga Wainaina, mtoto wa Nakuru, alipotangaza Januari 2014 kwamba yeye ni shoga, habari ilizunguka dunia. Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, ilipigwa marufuku hapa nyumbani mwaka 2018, mwaka uleule ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kualikwa kwenye tamasha la Cannes. Watoto wa ploti hawaandikwi magazetini wala hawatengenezi filamu, kwa hiyo inaonekana kana kwamba hawako. Wako. Wanapanga foleni ya mitungi nyuma yako. Mmoja anamsaidia mama yake kuuza mboga, mwingine anasuka watu nywele pale kona, mwingine ameshika mlango wa matatu uliyopanda asubuhi. Hakuna aliyewaletea kitu kutoka Ulaya. Wengi wao hata Westlands wanafika kwa kufua nguo za watu.

Tofauti ya mtoto wa tajiri na mtoto wa kwetu iko kwenye ukuta. Yule ana chumba chake na ufunguo wake. Akikorofishana na baba yake, yuko shangazi mwenye chumba cha wageni, iko nauli ya kumpeleka mji mwingine, ikibidi iko nauli ya ndege. Kwetu, kitanda cha wazazi na godoro la watoto vinatenganishwa na pazia. Bafu ni la ploti nzima na mlango wake ni gunia. Simu ni moja na huchajiwa kwa jirani. Anachosema mtu chumba cha tatu, chumba cha kwanza kimeshasikia. Katika maisha hayo mtoto hutazamwa tangu anapoamka mpaka anapolala: anavyotembea, anavyocheka, anavyoshika kikombe. Nilikuwa bado darasa la tatu nilipoanza kuweka mikono mfukoni kila ninapoongea, kwa sababu nilikuwa nimeona mvulana wa ploti ya pili akirushiwa madonge ya udongo na kuitwa majina kwa vile alivyoirusha mikono yake akisimulia jambo. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mama aliniuliza mara moja kama nasikia baridi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa ploti wanalijua vizuri. Mvulana akifika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, hawezi tena kulala chumba kimoja na wazazi na dada zake. Hutafutiwa mahali: kwa kijana wa jirani aliyepanga chumba chake, au wavulana kadhaa wachangiane kachumba kamoja. Ni desturi ya heshima na imetulea wengi. Kwa mtoto wa aina yangu ndiyo iliyokuwa hofu kubwa kuliko zote. Tulilala sita kwenye magodoro mawili. Nililala nimeukabili ukuta wa bati, mwili umekaza, nikiogopa hata kuota, nisije nikataja jina usingizini. Simlaumu yeyote wa chumba kile. Tuligawana mkate na viatu. Naeleza ili mzazi anayelalamika kwamba mtoto amebadilika, hasemi, hali, ameanguka darasani, ajue kwamba huenda si ujeuri wala si bangi. Huenda mtoto huyo anajitahidi usiku na mchana asionekane, mahali ambapo hakuna pa kujificha.

Kisha inakuja kazi. Kabla ya saa moja asubuhi, kuanzia barabara ya Lunga Lunga hadi Enterprise Road, vijana wamejipanga nje ya malango. Msimamizi anatoka, anatazama mabega na mikono, anachagua. Kibarua hakina barua wala mkataba. Kina sura yako na neno la mtu aliyekujulisha. Neno likivuma kwamba fulani ni wa "wale," hakuna atakayemfukuza kazi, kwa maana hakuwahi kuandikwa. Hachaguliwi tu. Kesho hachaguliwi, wiki inaisha hajachaguliwa, na hakuna ofisi atakayokwenda kulalamika. Mjengoni nako yuko mtu aliyewahi kuona ujumbe kwenye simu yako, na kila Jumamosi anakungoja mahali malipo yanapotolewa ili umpe sehemu ya jasho lako anyamaze. Nawajua vijana wanaolipa hivyo mwaka wa tatu sasa. Mzee mwenye watoto wanaomtegemea angekwenda kwa chifu. Kijana huyu akienda kwa chifu anajishtaki mwenyewe.

Nilikuwa kidato cha tatu mambo yangu yalipojulikana. Mtu alisoma ujumbe kwenye simu niliyoazima, na kufikia jioni ploti nzima ilikuwa nao. Keateka alikuja na kufuli, nyuma yake vijana wa steji, baadhi yao wale niliokuwa nikilala nao chumba kimoja. Mama alikuwa ndiyo ametoka kiwandani, bado ana vipande vya uzi kwenye nywele. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akauliza: "Kodi ya mwezi huu nimelipa, sijalipa?" Keateka akasema, umelipa, mama. "Kuna kitu cha mtu kimepotea?" Hapana. "Basi huyu ni mtoto wangu na hapa ni kwao. Mwenye neno aje kesho, aje mchana, aje na mke wake, tukae chini tuongee." Kesho yake hakuja mtu.

Nataka msikie pia yale ambayo mama hakufanya. Hakunipongeza. Hakuelewa. Usiku ule alilia mpaka alfajiri, na kwa muda mrefu akanizungusha kwenye maombi ya kila aina. Baba hakunisemesha hadi Krismasi. Lakini kila jioni sahani yangu ilikuwa pale imefunikwa, na muhula ulipofunguliwa karo yangu ilitafutwa pamoja na ya wadogo zangu. Nilimaliza kidato cha nne shule ileile. Mazungumzo ya kweli kati yetu yalikuja baadaye sana, kidogo kidogo, mengine akiwa anachambua sukuma wiki ili tusitazamane usoni. Wazazi wengi hudhani wana njia mbili tu: kukubali kila kitu leo hii, au kumtoa mtoto nje. Sivyo. Unaweza kukasirika, ukalia, ukakataa katakata, na mtoto bado akalala ndani. Miaka ipo ya kuyamaliza hayo mengine. Usiku mmoja nje hautoshi kuyamaliza, lakini unatosha kumpoteza mtoto.

Waliofukuzwa nawajua. Mmoja, hodari wa hesabu kuliko sisi sote, alitolewa nje ikiwa imebaki miezi miwili afanye KCSE. Akalala kwenye jengo lililokuwa likijengwa, kwa ruhusa ya mlinzi na kwa masharti ambayo sitayaandika. Mtihani hakuufanya. Msichana mmoja alipelekwa ushago akaozwa upesi kwa mtu mzima, eti anyooke. Kijana mwingine, akiwa hana pa kulala, alimwamini mtu aliyejifanya rafiki kwenye simu. Alipofika alikuta wanaume watano, wakampora, wakampiga, wakampiga picha. Hakuripoti. Aliogopa kwamba kituoni yeye ndiye angewekwa ndani. Mtoto wa kwetu akitolewa nje hana akiba ya kumvusha wiki, mara nyingi hata kitambulisho kimebaki ndani ya sanduku la baba. Anakuwa pia ameondolewa kanisani, kazini, kwenye timu ya mpira na kwenye chama cha akiba ambacho mama yake ni mweka hazina, yote kwa pigo moja, kwa sababu kwetu mambo hayo yote ni ya watu walewale.

Wengine hufukuza wakiamini kwamba sheria inawataka wafanye hivyo. Niieleze ilivyo, bila kuficha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 jela kwa tendo linaloitwa la kinyume cha maumbile, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kipo. Naamini si cha haki, na nasema hivyo nikiwa na jina na anwani. Wala hakikutungwa na wazee wetu: Waingereza walikileta kutoka kwenye kanuni za adhabu walizozitungia India mwaka 1860, kikaingia katika Kanuni yetu ya 1930, na kwao wenyewe walianza kukiondoa mwaka 1967. Hata hivyo kisome chote, na usome vifungu vinavyokifuata. Hutakuta mstari unaomwamuru mzazi amtoe mtoto wake, unaomwamuru mwenye nyumba afunge mlango, wala unaompa kijana wa steji ruhusa ya kuokota jiwe. Anayepiga mtu barabarani amevunja sheria, hata awe amempiga nani.

Upande wa pili iko Katiba ya 2010, ambayo tuliipigia kura wenyewe. Ibara ya 28 inasema kila mtu ana utu wa kuheshimiwa na kulindwa. Ya 29 inakataza ukatili, utoke serikalini au kwa mtu binafsi. Ya 53 inampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi wake, na kulindwa asidhulumiwe wala kutelekezwa. Mtoto wa miaka kumi na sita anayempenda mwenzake ni mtoto katika ibara hiyo, na mzazi anayemwacha alale nje ndiye aliyekwenda kinyume nayo. Mahakama nazo zimekuwa zikisogea, hatua kwa hatua. Machi 2018, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema kwamba kuwapima watu sehemu za siri kwa nguvu ili kutafuta ushahidi ni kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilitokana na wanaume wawili waliokamatwa Kwale mwaka 2015. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba watu wanaopenda wa jinsia yao wana haki ya kusajili chama chao kama Wakenya wengine. Makelele yaliyofuata mliyasikia. Nilikuwa sokoni Muthurwa wiki ile, na nilimsikia mama mmoja muuza vitunguu akiwaambia wenzake kwamba hajui sheria, ila hajawahi kuona mtoto akiwa mwema baada ya kutupwa. Ningependa angekuwa bungeni.

Na wako wasomi wanaosema kwamba watu wa hali ya chini hawawezi kulipokea jambo hili, wana shida nyingi mno, wana imani kali, wasubiriwe waendelee kwanza. Neno hilo linaniudhi kuliko matusi. Wafanyakazi maskini wameshafanya makubwa zaidi ya hili, na mfano ninaoupenda unatoka kwa wachimba makaa ya mawe wa kusini mwa Wales.

Machi 1984 wachimba makaa wa Uingereza waligoma, serikali ya Margaret Thatcher ilipoanza kufunga migodi. Mgomo ulidumu mwaka mzima. Mishahara hakuna, chama cha wafanyakazi kimezuiliwa fedha zake, familia zinaishi kwa mifuko ya chakula cha mchango. Huko London, kikundi cha vijana mashoga na wasagaji, miongoni mwao Mark Ashton na Mike Jackson, walianza kupitisha ndoo kuwachangia wagomaji. Hoja yao ilikuwa nyepesi: polisi wanaowapiga wachimba makaa ni walewale wanaotupiga sisi, na magazeti yanayowatukana ni yaleyale. Fedha wakazipeleka bonde la Dulais. Huko watu wengi hawakuwa wamewahi kukaa meza moja na mtu aliyejitambulisha hadharani kwamba ni shoga. Wageni walipokwenda kuwatembelea, walilazwa majumbani, wakalishwa, wakachezeshwa dansi kwenye ukumbi wa wachimba makaa. Desemba mwaka huohuo, tamasha liliandaliwa Camden, London, bendi ya Bronski Beat ikapiga muziki kuwachangia watu wa mgodi.

Mgomo ulishindwa. Machi 1985 wanaume walirudi kazini bila kupata walichokidai, na migodi ikaendelea kufungwa. Hapo ndipo wangeweza kusema ahsanteni, kwaherini. Badala yake, Juni 1985, wachimba makaa na wake zao walipanda mabasi wakaenda London na bendera za chama chao, wakaongoza maandamano ya mashoga na wasagaji, wao mbele kabisa. Mwaka huohuo chama chao kilipiga kura katika mkutano wa chama cha Labour kuunga mkono azimio la haki za watu hao, na azimio likapita. Hawakuwa wamehudhuria semina yoyote. Walikuwa wamekula pamoja, wamesaidiwa siku ya njaa, na wakakumbuka.

Sioni kilichowafanya watu wa Dulais wawe na moyo mkubwa kuliko wa Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, kaya zaidi ya laki moja zilihusika. Watu walikaa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, wapangaji kwa wenye nyumba, wakabishana kuhusu mitaro, vyoo, maji na njia za kupita gari la wagonjwa. Watu walioweza kukubaliana choo kikae mbele ya mlango wa nani wanaweza kukubaliana kwamba hakuna mtoto wa nyumba kumi zao atakayelala nje.

Kuhusu imani, simwombi mtu abadilishe leo kile anachokiamini. Mama yangu hadi sasa husali rozari na hadi sasa hatukubaliani katika mengi. Kwa Wakatoliki wenzangu, ambao ni wengi mtaani kwetu, nitakumbusha tu kwamba hayati Papa Fransisko, tarehe 26 Januari 2022, aliwaambia wazazi wanaoona kwamba watoto wao wana mwelekeo tofauti wa mapenzi watembee nao, wasijifiche nyuma ya kuwahukumu. Alikuwa akizungumza na wazazi wa kawaida kabisa. Hakugusa mafundisho ya ndoa ya Kanisa. Alizungumzia mzazi na mtoto. Na kwa ndugu zangu Waislamu, ninyi mnajua kuliko mimi uzito wa kukata udugu wa damu. Mchungaji, padri au imamu anayesoma hapa, Jumapili au Ijumaa moja sema waziwazi mbele ya watu kwamba mtoto hapigwi mawe wala hafukuzwi. Sentensi hiyo moja kutoka kwako inaweza kuzuia jambo ambalo hotuba zangu zote haziwezi.

Msingoje mashirika. Yanafanya kazi njema, na mimi mwenyewe nimesaidiwa nayo, lakini mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo kadhaa vilivyokuwa vikiwapa vijana wetu dawa, vipimo na mtu wa kuzungumza naye vilifunga milango. Na hata siku ambazo vilikuwa wazi, vilifungwa jioni. Mtoto hufukuzwa saa tatu usiku, baba akiwa amerudi na habari alizozisikia kwenye kilabu cha pombe. Saa hiyo aliye karibu ni mama wa chumba cha nne.

Kwa hiyo nakuomba wewe wa chumba cha nne. Ukisikia vurugu, bisha hodi. Mchukue mtoto alale kwako usiku ule, na asubuhi nenda ukae na wazazi wake kama ambavyo ungekwenda kama angekuwa amevunja redio. Huna haja ya kuwa na msimamo juu ya jambo lenyewe ili utoe godoro. Mwenye nyumba, mpangaji amekulipa chumba. Kufuli lako liwe la deni la kodi tu, na hata hilo uliweke kwa kufuata sheria. Keateka, usipokee pesa za mtu ili umtoe mwenzake. Msimamizi wa kibarua, unajua nani ananyanyua magunia na nani hanyanyui, chagua kwa hilo. Mwenyekiti wa steji, vijana wako wanakusikia wewe kuliko askari. Wakianza kukusanyika, wewe ndiye unaweza kuwatawanya kwa neno moja, na baadaye hakuna mama atakayekwenda mochari. Mwalimu, mtoto akiletwa ofisini kwako kwa barua iliyokutwa kwenye dawati, kumbuka kwamba nyumbani kwao kuna chumba kimoja, na utakachomwandikia mzazi wake kitasomwa na ploti nzima. Zungumza na mtoto kwanza. Mwache afanye mtihani.

Na wewe mdogo wangu unayesoma haya kwa siri kwenye simu ya mtu, huna ugonjwa wala laana. Maliza shule. Kitambulisho na vyeti vyako viweke mahali unapoweza kuvifikia. Usimwendee mtu wa mtandaoni usiyemjua peke yako, hata awe anaandika vizuri namna gani. Tafuta mtu mzima mmoja ambaye hujawahi kumsikia akimcheka mtu, mara nyingi ni shangazi au nyanya, na umwambie polepole, ukiwa tayari.

Nabaki na wazazi ambao tayari walifukuza. Najua mpo, na najua wengine hamlali. Namba yake ya zamani huenda haipatikani, lakini dada yake anayo mpya. Muulize bila ukali, atakupa. Mpigie mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie aje Jumapili, mtumie nauli, na masharti usiyataje kwenye simu. Akifika mpe chakula kwanza. Mengine mtaongea akiwa ameketi ndani.